Wimbo wa Kuandikiwa: Mama ni wa Nani?

Wiki iliyopita nilikuwa Lushoto kwa shughuli za kifamilia. Kama ilivyo ada yangu nikifika kule, siku ya gulio niliteremka hadi Soni kutazama bei ya kabichi na kusikiliza watu wanazungumza nini. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la muuza chai aliponijia kijana mmoja. Akaniamkia, akaniuliza kama mimi ndiye yule wa redioni. Nikamjibu kuwa ndiye. Akatoa mfukoni daftari la shule lililokunjwa mara mbili, akasema: "Nina swali moja tu, mjomba. Lakini usinitaje."

Sitamtaja. Wala sitautaja wimbo wenyewe, maana nikiutaja tu mtamjua aliyeuimba, na mimi sikuja hapa kumwaibisha mtu.

Kijana huyu anatoka upande wa Mlalo. Kazi yake ya mchana ni kupakia mboga kwenye malori yanayokwenda Kariakoo. Kazi yake ya usiku ni kuwaandikia mistari wanamuziki wa kufokafoka. Wanampigia simu, wanamweleza wanataka wimbo wa namna gani, yeye anaandika, anawatumia kwa simu hiyo hiyo, na fedha zinakuja kwa simu. Shilingi 30,000 wimbo mzima. Mara moja tu alipata 50,000, na hadi leo anaikumbuka siku hiyo. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Sharti ni moja: asimwambie mtu yeyote kwamba maneno ni yake.

Basi akatokea mwanamuziki mmoja wa Dar es Salaam aliyetaka wimbo wa kumsifu mama. Kijana akakaa nalo siku tatu, hana la kubuni, mwishowe akaandika la kwake. Akamwandika mama yake mzazi anavyoamka usiku wa manane, akiteremka mlimani na kapu la karoti kichwani ili awahi lori. Akaandika juu ya miguu yake iliyopasuka, na mwaka ule baba alipofariki, mama akauza ng'ombe pekee wa nyumbani ili mtoto asifukuzwe shule. Akautuma, akalipwa 30,000 zake.

Wimbo ukatoka, ukapendwa, ukawa unapigwa redioni. Siku moja mama yake yuko shambani na redio yake ndogo akausikia. Aliacha jembe, akaketi chini, akalia. Jioni akawaambia majirani: "Huyu mtoto wa mjini mama yake ameteseka kama mimi. Mungu amlipe." Kijana alikuwepo. Akanyamaza, kwa sababu alikwisha kula fedha ya watu na kutoa ahadi.

Swali lake lilikuwa hili: "Je, nimwambie mama?"

Ndugu msikilizaji, nitalirudia swali hilo. Kwanza tuulize hili kubwa linalobishaniwa kila kijiwe: je, mwanamuziki wa kufokafoka ana haki ya kuandikiwa mistari na mtu mwingine?

Wako wanaosema ni aibu, na kwamba asiyejiandikia aache kazi. Mimi siendi nao moja kwa moja. Pwani yetu hii imeimba nyimbo za kuandikiwa tangu babu zetu. Katika taarabu, mtunzi ni mmoja na mwimbaji ni mwingine, wala hakuna aliyeona ajabu. Mshairi ana maneno lakini hana sauti. Mwimbaji ana sauti, basi wanasaidiana. Tanga ya akina Black Star, alikoimba Shakila Saidi, ilikuwa na washairi ambao hawakuwahi kushika kipaza sauti maishani mwao. Nyumbani kwetu wimbo wa taarabu ukimalizika, baba aliuliza mtunzi ni nani kabla hajauliza mwimbaji.

Na hata sisi watangazaji tusijifanye watakatifu. Taarifa ya habari mnayosikia ikisomwa kwa sauti nzito mara nyingi imeandikwa na mtu mwingine kabisa, amekaa chumba cha pili, anakunywa chai yake. Hotuba za wakubwa, je? Tuyaache hayo.

Lakini kufokafoka si taarabu. Mwimbaji wa taarabu akisema "mimi nimeachwa", hakuna anayekwenda kumuuliza mumewe. Ni "mimi" ya wimbo, kila mtu anaivaa. Mwanamuziki wa kufokafoka akisema "mimi nimelala njaa", anataka tuamini kwamba amelala njaa yeye, mtaani kwao, mwaka fulani. Bidhaa anayotuuzia ni ushahidi. Ndiyo maana Wagosi wa Kaya, wale wa kwetu Tanga, walipowasema wauguzi na kuulizia hali ya mkoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, tuliwasikiliza. Tulijua lafudhi ile na matatizo yale ni ya nyumbani. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, na sikumbuki mtu yeyote wa Tanga aliyeuliza kama wanasema kweli.

Angalieni na hili. Mr. II, yule Sugu, alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Profesa Jay akachaguliwa Mikumi mwaka 2015. Siasa ina mambo mengi, chama, kampeni, na kadhalika. Lakini nina hakika wapo waliowapa kura kwa sababu walishawasikia kwenye kaseti na redio wakisema mambo, wakaamini kwamba yametoka vichwani mwao. Sasa fikirini mtu apewe kura kwa maneno ya mpakia kabichi wa Soni!

Wala jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Marekani muziki huu ulikozaliwa, wimbo uliouvumisha duniani mwaka 1979, wa kundi la Sugarhill Gang, ulikuwa na mistari ambayo mmoja wa waimbaji, Big Bank Hank, aliichukua kwenye daftari la mwenzake, Grandmaster Caz. Aliichukua nzima nzima, hata pale mwenye daftari alipotaja jina lake la jukwaani herufi kwa herufi, naye akalitaja vile vile! Wimbo ukauzwa dunia nzima. Mwenye daftari hakuandikwa jina kwenye sahani, na kwa miaka mingi amekuwa akiwaeleza watu kwamba ile mistari ni yake. Tofauti na kijana wetu ni kwamba huyu wa Mlalo alilipwa. 30,000.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Mwanamuziki anayetaka kuandikiwa, aandikiwe. Lakini mwandishi atajwe, kama mtunzi wa taarabu anavyotajwa, na alipwe kila wimbo unapoingiza fedha, si siku ile ya kutumiwa tu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi yake, na inatofautisha fedha na jina: kuuza matumizi ya kazi ni jambo moja, haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiwe mtunzi ni jambo jingine. Vijana wengi wa milimani hawalijui hilo. Wanaona wakishapokea fedha kwa simu mambo yamekwisha, kama mtu aliyeuza gunia la viazi. Na hata kiazi, jamani, kikifika Kariakoo huwa kinaulizwa kimetoka wapi!

Liko jambo moja ambalo kumtaja mwandishi hakutalitibu. Huyu bwana wa Dar es Salaam angeweza kuimba "nitakueleza habari za mama mmoja wa Usambara", na wimbo usingepungua utamu hata kidogo. Yeye akasema "mama yangu". Hapo hakuazima maneno tu, amemwazima mzazi wa mtu. Mwenyewe huenda hajui, maana hakuuliza mistari imetoka wapi. Aliona ni mizuri, akalipa. Lakini ningekuwa mimi, kabla ya kusimama mbele ya kipaza sauti na kumlilia mama, ningeuliza.

Nirudi Soni. Nilimwambia kijana mambo ya karatasi na sahihi, na Cosota, na kwamba asiandike tena wimbo bila makubaliano ya maandishi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa mkoa mwingine. Kisha akarudia swali lake: amwambie mama?

Nikamjibu kwamba ahadi aliyotoa ni ya kutowaambia watu, na mama si watu.

Akacheka kidogo, halafu akaangalia chini. "Ahadi siiogopi, mjomba," akasema. "Nikimwambia, ataniuliza nililipwa kiasi gani."

Sikuwa na la kumjibu. Dereva wa lori alikuwa anapiga honi, akalikunja daftari lake, akaenda kupakia kabichi.