Haki isiyofika mahakamani

Ibara ya 11 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inataja haki ya kufanya kazi, kupata elimu, na kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Maneno mazuri. Lakini Ibara ya 7 imeshafunga mlango: hakuna mahakama yenye uwezo wa kuyatilia nguvu. Sasa kibarua aliyevunjika mgongo, mzee asiye na pensheni, aende wapi? Usawa na ujira wa haki vina nafuu, kwani vimo katika haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na vinadaiwa mahakamani. Majirani zetu Kenya, mwaka 2010, waliingiza afya, makazi na chakula katika haki zinazodaiwa. Mjadala wa katiba mpya ukirudi mezani, nadai Ibara ya 11 ihamishiwe kwenye haki zinazodaiwa mahakamani.