HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI: TONE LA DAMU NA WAYA MWEMBAMBA



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa hai. Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Habari za hisa, mikopo na faini mtazisoma kwenye taarifa ya mweka hazina. Sisi tumechagua kuzungumza jambo moja tu, nalo ni kipimo cha damu cha saratani, au kansa kama tulivyozoea kuiita.

Wengi wenu mnajua kwa nini. Mwaka 2022 alikuja hapa kijana mmoja mwenye begi na kifaa kidogo. Akasema ni teknolojia ya nano kutoka ng'ambo, eti tone moja la damu linaonyesha saratani yoyote mwilini. Tulikaa kikao, tukapiga kura, tukatoa pesa kwenye mfuko wa jamii ili kila mwanachama apimwe. Kura hiyo tuliiongoza sisi viongozi. Tunalisema leo mbele yenu kwa sababu kitabu hiki kitabaki, na watoto wetu watakisoma.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa mtunza ufunguo wa pili, alikuwa anatokwa damu ingawa hedhi ilishakoma miaka mingi. Alipangiwa kwenda hospitali wiki ile ile. Akapewa karatasi iliyoandikwa kuwa damu yake ni safi. Akafurahi, nasi tukafurahi naye, safari ya hospitali ikaachwa. Ilipita miezi minane. Alipofika hospitali ya rufaa saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Tulimzika mwaka 2023. Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pema.

Baada ya arobaini tulijiuliza: hivi yule kijana alitunga kila kitu, au kuna ukweli aliouchukua akaupotosha? Tulimwomba binti wa mwenzetu mmoja, anayesomea mambo ya maabara, aje atufundishe. Alitufundisha Jumamosi tatu. Shule yetu wengi ni ya msingi, lakini kitu kikielezwa vizuri kinaeleweka. Tuliyoyaelewa ndiyo haya.

Jamani, waya wa nano upo kweli. Ni uzi wa silikoni, kitu kile kile kinachotumika kutengeneza vifaa vya ndani ya simu na redio. Wembamba wake hauonekani kwa macho. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko uzi huo mara elfu kadhaa. Ndani ya uzi hupitishwa umeme kidogo sana. Juu yake hubandikwa kingamwili, yaani vile vitu ambavyo mwili hutumia kukamata adui. Kila kingamwili hukamata kitu chake kimoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Protini inayotafutwa ikipita ndani ya damu hunaswa pale. Na kwa kuwa protini hiyo ina chaji yake ya umeme, umeme unaopita ndani ya uzi hubadilika, na mashine inaona.

Tukauliza, kwa nini lazima uwe mwembamba hivyo? Binti akatuuliza: mkitupa kikombe cha udongo mtoni, maji yanapungua? Tukasema hapana. Je, mkikitupa kwenye kijifereji cha kumwagilia mchicha? Tukasema hapo maji yatazuiwa. Basi ndivyo ilivyo. Waya mnene hausikii kitu kidogo kilichokaa juu yake. Mwembamba unasikia.

Kazi hii ilitangazwa mwaka 2001 na wanasayansi wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, wakiongozwa na Charles Lieber. Mwaka 2005 wakatangaza kwamba wamepanga nyaya nyingi pamoja na kutambua viashiria vitatu vya saratani kwa wakati mmoja. Kimoja ni PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume la wanaume. Nyaya zile ziliitambua hata ilipokuwa pungufu ya pikogramu moja katika mililita. Pikogramu ni nini? Chukua gramu moja, igawe mafungu bilioni elfu moja, uchukue fungu moja. Ndiyo hiyo.

Lakini palikuwa na shida ya chumvi. Damu yetu ina chumvi, na chumvi nayo ina chaji za umeme. Ni sawa na kumnong'oneza mtu katikati ya soko siku ya gulio. Kwa hiyo walitumia majimaji ya damu yaliyokwisha kuondolewa chumvi. Wenzao wa chuo kikuu cha Yale, akina Mark Reed na Tarek Fahmy, wakatafuta njia nyingine, ikachapishwa mwaka 2010. Walitengeneza kifaa chenye vyumba viwili. Chumba cha kwanza kinakamata viashiria kutoka kwenye damu nzima, damu inaoshwa, kisha viashiria vinaachiwa ndani ya maji safi na kupelekwa chumba cha pili zilipo nyaya. Damu waliyotumia ilikuwa mikrolita 10, ambayo haifiki hata tone moja, na kazi yote haikuzidi dakika 20. Walipima PSA na kiashiria kingine kiitwacho CA 15-3, kinachohusiana na saratani ya matiti.

Kwa hiyo sayansi ipo, na wanaoifanya ni watu makini. Hatuidharau hata kidogo. Siku kifaa kama hicho kitakapokamilika na kuwa rahisi kwa bei, kinaweza kumsaidia mgonjwa aliyetibiwa afuatiliwe karibu na kwake, bila kulipa nauli ya mbali kila mara. Tunaiombea siku hiyo ifike.

Sasa basi, tatizo liko wapi? Hapa ndipo tunapowaomba mtusikilize sana, kwa sababu hata sisi ndipo tulipopotea.

Kuona kitu kidogo si sawa na kujua maana yake. Chukueni sanduku letu. Tukihesabu jioni tukakuta shilingi elfu tano za ziada, hesabu yetu ni sahihi kabisa, noti zipo. Lakini je, ni hisa ya nani? Ni faini? Ni rejesho ambalo katibu hakuliandika? Au kuna mtu kakosea chenji? Hata tukihesabu mara mia, noti haitusemeshi. Inabidi tumuulize kila mtu na tufungue daftari.

Viashiria vya saratani viko hivyo hivyo. PSA hupanda kwa mwanamume mwenye saratani ya tezi dume, lakini hupanda pia kwa mzee ambaye tezi limevimba tu bila saratani, au lina maambukizi. Madaktari kwa muda mrefu wamekuwa wakianza kuwa na wasiwasi kwenye nanogramu 4 kwa mililita, ambazo ni pikogramu 4,000. Waya unaoona pikogramu moja hauwezi kumwondolea daktari swali lake, maana swali halikuwa la kuona. Na CA-125, ambacho huangaliwa kwa saratani ya ovari, hupanda pia kwa mama mjamzito, kwa aliye kwenye hedhi, na kwa mwenye uvimbe wa kawaida wa kizazi. Sisi hapa tuliokaa, wangapi wangeambiwa wana saratani bila kuwa nayo?

Uingereza walilijaribu jambo hili kwa watu wengi. Kuanzia mwaka 2001 waliandikisha wanawake zaidi ya 200,000 waliokoma hedhi. Wengine walipimwa CA-125 kwenye damu kila mwaka, wengine kwa picha ya mawimbi ya sauti, wengine hawakupimwa. Majibu ya mwisho yalitolewa mwaka 2021. Waliopimwa damu, saratani nyingi zaidi zilionekana mapema. Lakini vifo vya saratani ya ovari havikupungua. Watu wengi hivyo, miaka mingi hivyo, na wataalamu wakasema ukweli kwamba haijatosha. Yule wa kwetu alihitaji asubuhi moja tu kutuambia wote tu wazima.

Na tusidhani wanaodanganywa ni sisi wa vijijini tu. Marekani kampuni ya Theranos, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilidai inaweza kupima mambo mengi kwa matone machache ya damu ya kidole. Matajiri wakatoa fedha nyingi mno. Kampuni ikafa mwaka 2018, na mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani Januari 2022 kwa kuwalaghai wawekezaji.

Lililotuuma zaidi ni hili. Kwa ugonjwa uliomwondoa mwenzetu hatukuhitaji nano wala damu. Kipimo kipo siku zote. Mhudumu anapaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, anaangalia kwa macho kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Dakika chache tu. Mabadiliko yakionekana kabla hayajawa saratani, yanatibika. Tena mabinti zetu wana chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Sisi tulikuwa tunatazama ng'ambo, na dawa ya mlangoni tukairuka.

Wanachama wenzetu, kikao cha mwaka kimepitisha mambo matatu, nasi tunayatangaza leo mbele ya mgeni rasmi ili mtubane.

Kwanza, mfuko wa jamii hautalipia kipimo chochote ambacho mganga wa kituo chetu hakijui. Mtu akija na begi, aanzie kituoni.

Pili, mfuko utatoa nauli kwa kila mwanachama kwenda kupima mlango wa kizazi na matiti kwa ratiba atakayopangiwa na wahudumu. Si mkopo. Haurudishwi.

Tatu, anayetokwa damu isiyo ya kawaida, au mwenye uvimbe kwenye titi, aende hospitali hata kama ana karatasi kumi zinazosema ni mzima. Akiogopa, tutamsindikiza wawili wawili.

Ufunguo wa pili hatujampa mtu mwingine rasmi. Tangu mwaka 2023 umekuwa ukishikwa kwa zamu. Leo, baada ya hotuba hii, tutamkabidhi binti yake mkubwa, ambaye ameingia kikundini mwezi uliopita. Alipotuomba nafasi hatukujua tumjibu nini. Yeye ndiye aliyetuambia tuyaandike haya yote, pamoja na kosa letu, tusiyafiche.

Chakula kipo, na kina mama wa jikoni wanasema wali umeiva.