Mashine ya Mashua na Rafadha Yake: Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama



Huenda wapo watakaoshangaa kusikia habari za mashine za mashua zikizungumzwa Maore, mahali ambapo watu wamezoea kuzungumzia mpunga, mahindi na zamu za maji ya mfereji. Hata hivyo, Upare una maji yake na wavuvi wake. Karibu na Maore liko Bwawa la Kalemawe. Upande wa Mwanga liko Ziwa Jipe, ambalo nusu yake ni ya Kenya. Magharibi ya milima liko Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 katika bonde la Mto Pangani, na ambalo likijaa hufikia kilomita za mraba zipatazo 140. Wanachama wenye ndugu na mitaji katika uvuvi wa huko si wachache, na chama kinaponunua mashine kwa mkopo, wanaoulipa mkopo huo ni wanachama wote.

La kwanza kuuliza ni kama mashine yahitajiwa. Kwa Kalemawe, bwawa dogo lenye kina kifupi, kasia na pondo zatosha. Atakayeshauri vinginevyo huenda ana mashine ya kuuza. Ziwa Jipe nalo lina matete mengi, na mahali pengi maji yake hayafiki mita 3. Ni Nyumba ya Mungu, pamoja na umbali wake na upepo wa eneo la wazi, ambako mashine yaweza kurudisha gharama yake.

Wanunuzi wengi huanza na swali la farasi: 15, 25 au 40? Lakini mashua nzito ya mbao, isiyoweza kunyanyuka na kuteleza juu ya maji, ina mwendo wake wa mwisho, nao hutokana na urefu wake. Mashua ya mita 7 haizidi sana kilomita 12 kwa saa. Kila tani ya uzito, yaani chombo, watu, nyavu na samaki kwa pamoja, huhitaji farasi 4 au 5 hivi kufikia mwendo huo. Kwa hiyo mashua yenye jumla ya kilo 1,200 yatosheka na farasi 6. Kwa ajili ya upepo wa mbele, 8 au 10. Ikifungwa mashine ya farasi 25, kitakachoongezeka zaidi ni petroli inayoteketea na wimbi linalobaki nyuma.

Baada ya hapo huja rafadha, ambayo wavuvi wengi huiita propela, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila kuonekana. Kwa kawaida rafadha huandikwa namba mbili kwa inchi. Ya kwanza ni upana wake. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama ingepenya maji kama parafujo inavyopenya ubao. Rafadha yenye hatua ya inchi 11, ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ingekwenda kilomita 45 kwa saa. Mashua ya mzigo huenda 12. Rafadha ya namna hiyo ni ya chombo chepesi cha matembezi; ikifungwa kwenye mashua ya mzigo, mashine huelemewa, hupata moto na kula petroli bure. Mashua ya mzigo hutaka rafadha pana yenye hatua fupi.

Kipimo chake si kigumu. Mashua ipakiwe mzigo wake wa kweli, mashine ifunguliwe hadi mwisho, na mizunguko isomwe kwa kipima mizunguko. Kitabu cha mtengenezaji hutaja kiwango chake, kwa mfano kati ya 4,500 na 5,500. Isipofika kiwango hicho, hatua ni ndefu mno. Ikikipita, ni fupi mno. Kupunguza hatua kwa inchi 1 huongeza mizunguko ipatayo 200.

Urefu wa mguu wa mashine nao upimwe kabla ya kununua. Ubao wa tezi wenye kimo cha sentimita 38 hutaka mguu mfupi. Wa sentimita 51 hutaka mrefu. Bamba lililo juu ya rafadha liwe chini kidogo ya usawa wa sakafu ya mashua. Likiwa juu mno, rafadha hunyonya hewa na kuzunguka bila kusukuma. Likiwa chini mno, mguu hugonga visiki, na katika bwawa ambalo maji yake hupanda na kushuka, kisiki cha jana si mahali pake leo. Kwa sababu hiyo rafadha ya aluminiamu yafaa kuliko ya chuma: ni afadhali upanga uvunjike kuliko meno ya gia. Rafadha moja ya akiba, pini zake na koleo vikae chomboni daima pamoja na makasia na maboya ya kuvaa, kwa kuwa mashine ikizimika katikati ya bwawa wakati wa upepo, maisha ya watu hutegemea vitu hivyo.

Kabla ya kulipa, Katibu aandikiane na muuzaji kwamba rafadha yaweza kubadilishwa baada ya jaribio la mzigo. Muuzaji akikataa, ombi hilo lipelekwe kwa mwingine.