Kwenda Ujerumani Kikazi: Funzo la Saa Mbili na Nusu
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)

 

Nimeombwa niseme machache juu ya safari ya kikazi kwenda Ujerumani. Mjerumani si mgeni kwetu. Boma lake lingali limesimama pale Biharamulo, na neno "shule" tulilipata kwake, kama vile "hela". Ila yeye alikuja bila kuomba viza, wewe utaiomba. (Kicheko.)

Basi anza mapema. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Pasi yako iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Viza hiyo itakufikisha pia Austria na Uswisi, ambako Kijerumani husemwa.

Sasa nitaeleza kosa langu, lisije likawa lenu. Chama chetu cha wakulima kilinituma Hamburg na sampuli za kahawa. Mnunuzi akaniambia kwa simu tuonane asubuhi, "halb neun". Nilijua "halb" ni nusu na "neun" ni tisa. Nikahesabu tisa na nusu ya Kizungu, yaani saa tatu na nusu yetu. Nikafika saa tatu na dakika ishirini, nikijisifu kwamba nimewahi. Kumbe kwao "halb neun" ni nusu saa kabla ya tisa: saa mbili na nusu! Mwenyeji alikwisha kwenda kwenye miadi nyingine. Nikarudi Ngara na sampuli zangu mkobani, nikasimama mbele ya wakulima walionichangia nauli. Msimu ule kahawa tuliiuza kwa bei ya chini.

Zamani kwetu ukisema, "Pantoni ya Busisi ilichelewa," ulieleweka. Hata udhuru huo umekwisha, maana daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025. Kwa Mjerumani, kumchelewesha ni kumdharau. Kwa hiyo andika miadi kwa tarakimu, 8.30, umwombe athibitishe. Fika dakika 5 au 10 kabla. Ukikwama, piga simu kabla ya saa kufika.

Salamu zao ni fupi. Usiulize habari za mvua, watoto na ng'ombe. Mpe mkono kwa nguvu kiasi, umtazame usoni. Sisi tulifunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kule watadhani unaficha jambo. Mwite Herr au Frau pamoja na jina la ukoo, mpaka mwenyewe akuruhusu jina lake la kwanza.

Akikwambia "hapana" hakutukani. Nawe usiseme "tutaangalia" kwa kuona haya. Kama magunia hayapo, sema hayapo.

Mengine ni madogo lakini huaibisha. Jumapili maduka mengi hufungwa, nunua mkate Jumamosi. Taa nyekundu ikiwaka, usivuke barabara hata kama hakuna gari. Miji mingine tiketi ya treni hugongwa muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda; usipogonga utatozwa faini. Desemba chukua koti zito; Hamburg jua huzama kama saa kumi jioni.

Mimi nilimwandikia yule mnunuzi barua, nikakiri kosa bila kutafuta visingizio. Mwaka uliofuata alinipa miadi tena, nikafika mapema, akanunua magunia machache. Ndiyo mwanzo wa biashara yetu.

Vijana, kengele ya shule hii tuliiona adhabu. Iheshimuni sasa, ili msijifunze kwa nauli ya wenzenu kama mimi.