Nguo ya Mwenye Kuomba Kazi

Neno la juma: Yakobo 2, mstari wa 1 mpaka wa 9



Juma hili tunaanza na kosa letu sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita redio yetu ilikuwa inatafuta fundi wa mitambo. Watu walileta barua zao, diploma na karata ya uchaguzi. Mmoja alikuwa na diploma nzuri ya umeme. Kwenye karata kulikuwa na jina la kiume na picha ya kijana mwenye nywele fupi. Lakini aliyekaa mbele yetu alikuwa amesuka nywele, amefunga kikwembe safi na kuvaa blauzi ya kazi. Tulitazamana. Tulimuuliza maswali matatu, na yote matatu yalihusu nguo zake. Juu ya antena hatukuuliza hata moja. Akakusanya karatasi zake, akatuaga kwa heshima, akaenda. Yule tuliyemchukua badala yake alituachia sauti yenye kukwaruza miezi mingi. Ninyi wasikilizaji mnaikumbuka, maana mlitupigia simu sana.

Tumemwomba ruhusa ya kusimulia haya. Alikubali, kwa sharti kwamba tusitaje jina lake wala mtaa wake. Sharti hilo lenyewe linatuonyesha anaishi namna gani. Hapa tunamshukuru Mungu kwa lugha yetu: tukisema "yeye", neno hilo halina suruali wala kikwembe.

Watu wa namna hii wapo. Kuna waliozaliwa wakaandikwa wavulana, nao tangu utoto wanajijua kuwa wasichana. Kuna wa kinyume chake. Kuna pia wanaopenda tu kuvaa mavazi ya jinsia nyingine wakiwa nyumbani kwao, na kazini huenda kama kila mtu. Hao wa mwisho shida yao kazini ni ndogo, mpaka siku jirani atakapopeleka maneno kwa mkubwa wao.

Sasa Yakobo. Anasimulia watu wawili wanaoingia katika kusanyiko, mmoja na pete ya dhahabu na nguo inayong'aa, mwingine na nguo chafu. Yule wa kwanza anapewa kiti kizuri. Wa pili anaambiwa asimame, au akae chini karibu na miguu ya watu. Angalieni jambo moja. Yakobo haulizi wale wageni wawili wana tabia gani. Maneno yake yote yanawaendea wenye kugawa viti: anawaambia wamejifanya waamuzi wenye mawazo mabaya. Sisi tulikuwa tunagawa kiti. Na kiti cha kazi ni mkate, ni kodi ya nyumba, ni dawa ya mama mgonjwa.

Tuliyoyafanya kwa kimya, huko Marekani yalifika mpaka mahakama kuu ya nchi. Aimee Stephens alifanya kazi karibu miaka sita katika nyumba ya kuandaa maiti na mazishi karibu na Detroit, katika jimbo la Michigan. Wakati huo kazini alijulikana kama mwanaume. Kazi yake hawakuilalamikia. Kabla ya hapo alikuwa amesomea elimu ya dini, kisha akasomea ufundi wa kuandaa maiti. Moyoni alijijua kuwa mwanamke, na mzigo huo ulimfikisha pabaya: alisema mwenyewe kwamba aliwahi kusimama uani kwake na bunduki, akitaka kujiua. Hakufanya hivyo. Aliandika barua.

Mwaka 2013 aliikabidhi barua hiyo kwa mwenye nyumba ile. Alieleza kwamba baada ya likizo atarudi kazini kama Aimee, akiwa na mavazi ya kazi ya kike yanayofaa. Hapa wengi hukosea kuelewa. Stephens hakuomba avae apendavyo. Nyumba ile ilikuwa na sheria ya mavazi: wanaume suti na tai, wanawake koti na sketi. Naye alikuwa tayari kuifuata sheria ile ya wanawake, sketi na yote. Baada ya wiki mbili hivi akafukuzwa. Mwenye nyumba ni Mkristo kama sisi. Alisema kumruhusu kungekuwa kuvunja amri za Mungu. Alimtolea pesa za kuondoka ili jambo liishe, Stephens akazikataa.

Kesi ilipokaguliwa, likaonekana jambo jingine dogo ambalo sisi tunaona si dogo. Nyumba ile iliwapa wafanyakazi wanaume suti za kazi bila malipo, lakini wanawake kwa miaka walijinunulia. Sheria ya mavazi ikiitwa heshima, ni vema kuuliza nani anailipia.

Tarehe 15 mwezi wa sita 2020, majaji 6 kati ya 9 walisema kwamba sheria ya haki za raia ya 1964 inakataza kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya kuwa kama Stephens. Sheria ile inakataza kubagua kwa sababu ya jinsia. Majaji wakasema hivi kwa kifupi: mkimwacha kazini yule aliyezaliwa mwanamke anayejiita mwanamke, na kumfukuza aliyeandikwa mwanaume kwa jambo lilelile, basi jinsia ndiyo sababu. Hawakumaliza kila swali. Sheria za mavazi zenyewe na mambo ya dini waliyaacha kwa kesi nyingine. Stephens hakuisikia hukumu hiyo. Alikuwa na ugonjwa wa figo, akafa tarehe 12 mwezi wa tano, mwezi mmoja kabla.

Mtasema hayo ni ya wazungu. Lakini Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na kwamba mtu asidhuriwe katika kazi yake kwa sababu ya asili yake, jinsia yake, mawazo yake, imani yake au hali yake ya maisha. Neno "jinsia" limo. Wenye kusoma sheria waendelee kutoka hapo.

Tunajua ndugu wengine tayari wamefungua Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 5, unaokataza mwanamke kuvaa vya mwanaume na mwanaume kuvaa vya mwanamke. Hatuuruki mstari huo. Hata katika redio yetu hatuusomi kwa namna moja, na mabishano hayo hatutayamaliza leo. Tunauliza tu kama mstari huo unatupa ruhusa ya kumnyima mtu chakula. Na wazee wetu wanakumbuka wakati wa Mobutu. Suti na tai za kizungu zilikatazwa, wanaume wakavaa abakosti. Wanawake wakakatazwa suruali. Kisha tarehe 24 mwezi wa nne 1990, katika hotuba ileile ya kuruhusu vyama vingi, Mobutu akaruhusu tai tena. Leo dada zetu wanaenda biro na suruali, wanarudi, wanaimba kwaya, na hakuna anayefunguliwa sura ya 22. Wachungaji na mapadri wanavaa kanzu ndefu, nyingine zina lesi, na mama zetu wanazipiga pasi kwa furaha.

Kwa ninyi wenye kutoa kazi, tunasema tulichojifunza kwa aibu. Kama kazi ina vazi lake, liandikeni kwenye tangazo, mtu alijue kabla ya kulipa nauli. Karata ikiwa na picha isiyofanana na mtu, hakikisheni ni yeye, kwa sauti ya chini, kisha ulizeni juu ya kazi. Msimwite "bwana" kwa nguvu mbele ya wengine ili wacheke. Na ninyi mnaotafuta kazi mkiwa katika hali hii, hatutawaambia mjitokeze wala mjifiche. Ninyi ndio mnajua barabara mtakayorudia jioni. Tunasema tu kwamba aliyevaa suruali asiyoipenda ili watoto wale, huyo si mnafiki.

Mwezi uliopita mashine yetu ya kurekodi ilikufa siku mbili kabla ya ibada ya Yenga. Tuliuliza mjini nani anaweza, na kila mtu akatutajia kibanda kimoja. Tulipofika, tulimkuta yeye. Aliitengeneza siku hiyohiyo, akatudai bei ya kawaida. Mnayoyasikia leo yamerekodiwa kwa mashine hiyo. Nafasi ya fundi iko wazi tena tangu juzi. Barua yake bado hatujamwomba ailete. Jumatatu tutaenda kibandani.