Mlinzi wa Mitambo

Ndugu wanachama wa Kilifi na Malindi,

Zabbix ni programu ya bure, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2001 na Alexei Vladishev wa Latvia. Kazi yake ni kulinda kompyuta nyingine. Kwanza weka Linux, kisha hifadhidata, ndipo Zabbix yenyewe. Kila kompyuta inayolindwa iwekewe wakala wake wa kupeleka habari. Diski ikikaribia kujaa, simu ya mwenye zamu hulia.

Lakini umeme ukikatika, mlinzi naye hulala, na kimya chake kisidhaniwe usalama. Basi apewe betri ya akiba.

Na mtu aamshwaye usiku wa manane yuko kazini: saa zake ziandikwe, zilipwe. Tuyadai hayo kabla mtambo haujawashwa, si baadaye.