Mshauri wa Chama Alipwe na Nani?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya Ruiri)



Wengi wananiuliza: "Huyu anayetufundisha kuweka akiba, kwa nini tumlipe sisi? Si mradi uko na pesa?" Haya, tusemezane.

Mradi huja, mradi huenda. Siku ofisi ikifungwa, mwalimu wa mradi naye hupanda matatu. Shirika la Kikatoliki la CRS liliiona shida hiyo katika vikundi vya kuweka na kukopeshana vinavyoitwa SILC. Mwaka 2008 likaanza kujaribu njia nyingine Kenya, Uganda na Tanzania: mwalimu afunzwe, apimwe, apewe cheti, halafu ajitegemee. Kikundi chenyewe humlipa ada waliyopatana.

Je, ameachwa peke yake? La. Washauri wa eneo moja huungana. Hukutana na kusaidiana penye hesabu ngumu.

Faida ni hii: anayelipwa na nyinyi hujibu kwenu. Asipokuja, mnamwuliza. Akifundisha ovyo, mnatafuta mwingine.

Lakini sikilizeni vizuri. Mshauri kazi yake ni kushauri. Asishike pesa, asitunze ufunguo, asikope kwenu. Sanduku ni la kikundi, na pesa zihesabiwe mbele ya wote. Kabla ya kumpa kazi, ombeni cheti, kisha andikeni mapatano: siku ngapi, ada kiasi gani.

Basi mkikutana tena, ulizaneni: mshauri wetu anajibu kwa nani?